Mkono wa Mjomba

Ngalula mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya na sanduku lako umeliacha wazi juu ya kitanda. Nimelichungulia. Koleo zako umezifunga ndani ya kitenge changu cha zamani, kile cha kijani, taratibu kama mtu anayefunga mayai. Nguo zako nzuri umezirundika juu ovyo. Baba yako angecheka sana. Naye alikuwa hivyo hivyo: mwiko wake wa uashi aliufunga kwa kitambaa safi, na shati la Jumapili alilitupa popote lilipoangukia.

Nimekaa mlangoni penye mwanga, maana umeme umekatika tangu asubuhi. Unajua shule yangu iliishia darasa la tano kwa masista. Ukikuta mahali nimeandika vibaya, soma kama unavyonisikia nikiongea. Karatasi hizi nitaziweka ndani ya kile kitenge, pamoja na koleo, kwa sababu najua ukifika kwa watu hutafungua nguo kwanza.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kufunga mlango, wala za wanaume. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua bila mimi. Nataka kujibu neno moja ulilolisema Jumapili ukiwa unasugua sufuria. Nilikuwa nimekuambia kwamba Mwalimu Kasongo ametuma salamu. Anakungoja Lubumbashi kwenye karakana yake mpya, mchana utafanya kazi ya kusuka upya waya za mota na jioni utasoma kwa ajili ya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Lakini sharti lake ni lile lile la zamani: uje na mwenye mtoto, akushike mkono mlangoni. Hukugeuka hata kunitazama. Ulisema, "Miye nitamuambia sina mwenyewe." Ukaendelea kusugua.

Neno hilo limenikaa kifuani tangu siku ile. Sikukujibu kwa sababu nikifungua mdomo huwa naanza habari za vitunguu. Kwa kalamu labda nitafika.

Mambo ya karakana yalipoanza ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi. Siku moja wazazi wote wa mtaa wetu wa Kikula, hapa Likasi, wenye watoto waliokaribia kwenda sekondari tuliitwa shuleni. Mbele walikaa mabwana watatu: mkuu wa shule, mtu wa ofisi ya elimu ya mji, na mtu wa kampuni ya madini aliyevaa kofia ngumu nyeupe ingawa tulikuwa ndani ya darasa. Walisema shule peke yake haiwezi tena kumfikisha mtoto kazini, na kampuni peke yake haiwezi tena kumfundisha. Basi tushikane. Ofisi italeta walimu na diploma. Kampuni italeta mashine, na watoto wakimaliza itawachukua kwa staji ya kujifunza kazini, halafu kazi. Mama mmoja akauliza, "Na siye wazazi?" Mwenye kofia akasema, "Nyinyi mutajenga atelye," yaani hiyo karakana.

Tulipiga makofi. Baba yako alikuwa wa mwisho kupiga, si kwa sababu alikuwa na shaka, bali alikuwa anatazama nje dirishani akichagua mahali pa msingi.

Kampuni ilikuwa imeshaanza kuumwa. Mishahara ilichelewa, unga wa kantini ulipungua. Tuliona. Lakini sisi tulizaliwa na kampuni, tuliolewa nayo, watoto wetu walipata chanjo kwake. Nani anaamini kwamba mama yake anakufa?

Nyuma ya shule kulikuwa na vichuguu virefu kuliko nyumba. Unavikumbuka, maana kumbikumbi wa kwanza kila mwaka mlikuwa mnaokota pale. Baba yako alikwenda akaumega udongo, akautia mdomoni, akautafuna kama mtu anayeonja mboga. "Hii iko na mafuta," akasema. Kazi yake kampuni ilikuwa kujenga matumbo ya matanuru kwa matofali yanayostahimili moto, na alikuwa haamini udongo wowote kabla ya kuuonja. Kila Jumamosi sisi akina mama tulibeba maji kwa mabeseni, wanaume wakakanyaga udongo, na wewe na wenzako mkawa mnageuza matofali mabichi ili yakauke pande zote. Kila tofali lililotoka kwenye kibao, baba yako alilibonyeza kidole gumba kwenye kona moja. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Ili ijue nani aliifanya."

Aliyekanyaga kwa furaha kuliko wote alikuwa ndugu yangu Kunda, yule anayenifuata mimi, uliyemwita Yama kwa sababu kwa lugha ya kwetu ndivyo mtu anavyomwita kaka wa mama yake. Alikunja suruali hadi mapajani na kumchokoza baba yako mbele ya watu.

"Shemeji! Weye mukasai unatufundisha siye udongo yetu?"

"Udongo ni yenu, akili ya tofali ni yangu. Kanyaga!"

"Nakanyaga, bwana mukubwa! Niongeze maji?"

"Ongeza jasho kwanza."

Watu walicheka hadi wakaacha mabeseni. Wakati ule neno mukasai, mtu wa Kasai, lilikuwa bado utani.

Mashine zilipofika, kuukuu zilizopakwa rangi mpya, Mwalimu Kasongo aliogopa zitaibwa. Ndipo alipotunga ile sheria yake. Kila mtoto wa karakana aletwe na mwenye mtoto, ameshikwa mkono, mbele ya watu wote, na mwenye mtoto aseme mlangoni: "Huyu ni wangu. Akivunja, nimevunja mimi." Mwalimu anampa mkono huyo mtu mzima, ndipo mtoto anapita. Nyinyi watoto mliuita mlango ule "kwa pasta," kwa sababu ilikuwa kama harusi.

Nani angekupeleka wewe? Kwao baba yako, kule Kasai, mtoto ni wa baba. Kwetu, watu wa Luapula, mtoto ni wa tumbo lililomzaa, na mwanaume anayemsemea mbele ya watu ni mjomba wake. Babu yako, baba yangu, alitoka Luapula kuja kuvua Tshangalele wakati ziwa lile lilikuwa bado jipya, na miti iliyofia majini ilikuwa bado imesimama. Hata sisi tulikuja, unaona. Lakini desturi tulikuja nayo. Baba yako angeweza kushikilia ya kwao, na hakuna ambaye angemlaumu, maana kuta zile zilikuwa zake. Alisema tu, "Kunda amupeleke. Itamupa furaha."

Kunda alivaa tai. Wewe ulivaa koti la kazi la baba yako, mikono imekunjwa hadi kwenye kiwiko, na ulikuwa umejikausha usicheke. Alikushika mkono kwa nguvu, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Huyu ni wangu! Akivunja, nimevunja mimi!" Nilikuwa nimesimama na beseni tupu kichwani. Nilifikiri: sasa mwanangu ana kuta mbili, moja ya baba yake na moja ya mjomba wake.

Nataka kukukumbusha kitu kidogo hapa. Ulipokuwa mdogo sana ulifungua redio yetu kwa kisu cha mezani, nikakuchapa. Baba yako akakaa chini kando yako, akasema, "Amesha kuifungua. Muache aone." Redio haikusema tena. Yeye hakuinunua nyingine, na kila mtu alipouliza habari za dunia alijibu, "Muulize Ngalula, aliziona zote ndani." Nilifikiri nimeolewa na mtu mjinga. Miaka baadaye ulipoketi mbele ya mota yako ya kwanza na kuchomoa waya za shaba zilizoungua, moja baada ya nyingine, nikaelewa kwamba somo la kwanza ulilipata sakafuni kwetu.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kugeuka.

Kisha ukaja mwaka ambao neno mukasai liliacha kuwa utani. Unakumbuka nyimbo za vijana barabarani za kuwafukuza watu wa Kasai, na jirani zetu waliofunga magodoro kwa kamba. Watu waliokuwa wamezaliwa Likasi, na baba zao wamezikwa Likasi, walikwenda kulala stesheni chini ya plastiki wakingoja treni ya kwenda kwao, mahali ambapo wengine hawajawahi kupaona kwa macho. Tulikuwa tukiwapelekea ndugu za baba yako ugali wa bukari na majani ya sombe. Siku moja walimwambia, "Mukendi, tumekupatia nafasi ndani ya behewa, weye na bako. Unangoja nini?"

Hili hukuwahi kuambiwa. Wewe ulidhani baba yako alibaki kwa ajili ya kazi. Kazi ilikuwa imeshakwisha. Walikuwa wameshamzuia getini kwa kampuni, wakamwambia arudi nyumbani akangoje kuitwa, na hakuitwa. Alibaki kwa sababu ya neno la mtu mmoja.

Tulikwenda naye kwa Kunda. Wakati ule Kunda alikuwa amechaguliwa prezidenti wa komite ya wazazi, na watu walimsikiliza. Tulikula naye samaki kutoka sahani moja. Baba yako akamwuliza wazi: "Kunda, niende ao nibakie?" Kunda akaweka chini tonge lake.

"Shemeji, mutoto ni wangu. Nani atamugusa? Bakia. Amalize masomo, bamukamate kazi, kisha utaona kama kuko muntu atakufukuza weye, baba ya fundi."

"Unasema kweli?"

"Yaya huyu ni shahidi," akanionyesha mimi, dada yake mkubwa. "Nikidanganya, anitapike."

Kesho yake baba yako alikwenda stesheni akawaambia nduguze wampe mtu mwingine ile nafasi. Alirudi akipiga mluzi.

Halafu siku ya staji. Ulikuwepo, najua, lakini ulikuwa umesimama mbele. Nataka uione kutoka nilikosimama mimi.

Kampuni ilisema itachukua watoto wachache tu. Mwalimu Kasongo aliwajaribu wote. Mota uliyoisuka wewe aliitia umeme mbele yetu, ikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, naye akasema bila kuzunguka, "Huyu ndjo wa kwanza." Lakini kuchagua hakukuwa tena mikononi mwake, kulikuwa kwa komite. Kunda akapanda ngazi ya mlango wa karakana. Akasema nafasi ni chache. Akasema, "Tutaanza na batoto ya hapa." Nyuma yangu wanawake wakapiga makofi, wale wale niliobeba nao maji.

Sheria ya mlangoni ilikuwa ile ile. Wenye watoto wakaanza kupita mmoja mmoja. Kisha Kunda mwenyewe akashuka, akamshika mkono Chola, mwanawe, aliyekuwa bado anaunganisha waya bila kutazama rangi, akampeleka mlangoni. "Huyu ni wangu." Ngalula, kwa desturi yetu Chola si wake kumsemea! Chola ana wajomba zake, na mmoja wao alikuwa pale pale, amefunga mikono kifuani. Kwa desturi yetu wa Kunda ni wewe. Siku ile ndugu yangu alichagua desturi ya baba kwa mwanawe, na nikafikiri, haya, amepokea ya kisasa, si vibaya, sasa atamshika na huyu wangu.

Mwalimu Kasongo ndiye aliyeuliza. "Na Ngalula? Mwenye mutoto ni nani?"

Wewe ulimtazama mjomba wako. Mimi pia. Kunda alitia mikono yake yote miwili mifukoni.

"Ule ni mutoto ya baba yake," akasema.

Na kila mtu alijua baba yake yuko wapi. Alikuwa nje ya uzio, pamoja na wale waliokatazwa kuingia kwenye uwanja ule, akitazama kuta zake kupitia matundu ya waya.

Nami je? Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nilipoanza kuandika. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kugusa kola yako. Nilikuwa na mikono miwili na haikuwa na beseni siku ile. Nilingoja. Nilidhani Kunda atacheka, atatoa mikono mifukoni, atasema nilikuwa nawatania. Nilidhani mdomo wangu si mdomo wa kazi ile: kwetu mwanamke anamwambia kaka yake, na kaka anawaambia watu. Hakuna sheria ya Mwalimu Kasongo iliyosema mwenye mtoto awe mwanaume. Sikuwahi hata kuuliza. Nilingoja desturi inisemee, na desturi ilikuwa imetia mikono mifukoni. Mlango ukafungwa.

Tulirudi nyumbani sote watatu. Nilifikiri baba yako atapiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akafuta mdomo. "Ile kona ya atelye, upande ya mulango," akaniambia, "umeiona? Haijapasuka hata kidogo." Kuanzia siku ile hakupiga mluzi tena.

Mvua zilizofuata zilimchukua. Ile homa, unaijua. Na hospitali iliyotuambia tulete kila kitu wenyewe, hata kitanda karibu tulete. Kwenye matanga Kunda alilia kuliko mimi. Alijitupa chini, watu wakamshika, wakampepea kwa kitenge, wakasema tazama anavyompenda shemeji yake. Mimi nilikaa na macho makavu. Nilikuwa natazama mikono yake. Leo imetoka mifukoni, nikajisemea.

Na lile jambo kubwa la kushikana watatu, umeliona lilivyokwisha. Chola na wenzake walifagia ukumbi wa mashine zilizonyamaza, halafu wakarudishwa nyumbani. Lori lilikuja mchana, mbele ya macho yetu, likachukua mashine za karakana eti zikatengenezwe. Diploma zikawa zinakuja, zinakuja, mpaka tukaacha kuuliza. Walimu tuliwalisha sisi wazazi kwa unga wetu hadi unga wenyewe ukatushinda. Kisha mabati yakaondoka, kisha madirisha. Walitutaka udongo, tukaleta udongo. Katika wale wote walioahidi siku ile darasani, waliotimiza ni waliokanyaga matope tu.

Watu wa hapa wanailaani kampuni tangu asubuhi hadi jioni. Mimi siwezi. Kampuni haikunyonya titi moja nami.

Wewe hukulia. Hilo lilinitisha zaidi. Mwalimu Kasongo, kabla hajahama, alikuja kukufundisha jikoni kwetu kwa waya mlizozitoa kwenye mota zilizokufa, na vanishi yenu ilinukia ndani ya chakula changu miezi mingi. Sasa mashine ya kusaga pale kwenye kona inazunguka kwa kazi yako, na mwenyewe anapita hapa akipaza sauti, "Mama Injinia yuko? Mashine inakohoa!" Anatania, lakini analipa. Siku moja Chola alikuja, mikono ya kijani kwa vumbi la malakiti, yale mawe ya shaba anayochimba kwenye mashimo ya zamani, akaomba koleo. Ulimpa, hata hukumwuliza atarudisha lini. Nilikuwa nachambua sombe, nikaona. Nilijua kwamba moyo ule si wangu, umeutoa kwa baba yako, na nikafurahi na nikaona haya kwa pamoja.

Leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda kwenye mashine kuaga, Kunda alikuja. Ametoka Tshangalele, ameleta samaki wakavu wamefungwa kwa gazeti. Amezeeka, Ngalula. Alikaa kwenye kiti cha baba yako bila kujua, kisha akajua, akahamia kwenye kibao.

"Yaya, nimesikia mutoto anaenda kesho."

"Anaenda."

"Na Kasongo anataka mwenye mutoto."

Nikakisogeza kando kiti cha baba yako.

"Yaya, nani atamupeleka? Kwetu ni yama ndjo anashikaka mukono. Nimesha kusema na mwenye lori. Nitapanda naye."

"Kwetu?" nikamwuliza. "Siku ile hakukuwa kwetu?"

Alitazama samaki wake. Akasema nafasi zilikuwa chache. Akasema komite ingemla mzima mzima kama angemshika mtoto wa mukasai. Akasema, "Niliogopa, Yaya." Hayo baba yako alikuwa ameshaniambia siku nyingi, "Kunda aliogopa," na nilimjibu sitaki kujua. Sasa nililisikia kutoka mdomo wenyewe, na bado sikujua nilifanyie nini.

Nikamwuliza habari za ukuta wake. Maana nimepita kwake, nimeuona: matofali yote yana alama ya kidole kwenye kona. Karakana ilipobaki kuta tupu, watu walikwenda kubomoa, na yeye pia alikwenda.

"Nilizichukua mbele ya wezi kuzibeba," akasema.

"Unaziangaliaga?"

"Kila siku."

"Na zenyewe zinakuangalia?"

Akatoa mikono, akaiweka wazi juu ya magoti kama anayeomba. Ni mikono ile ile niliyoiosha tulipokuwa watoto, kabla mama yetu hajaturuhusu kula. Ana kovu la ndoana kwenye kidole cha shahada. Nilimnyonya damu mimi siku alipojichoma. Nikitaka kumchukia, kovu lile linanizuia. Nikitaka kumsamehe, nauona mfuko wa suruali yake.

Nilimwambia, "Samaki nimepokea. Ku barabara unaweza kuja, barabara si yangu. Lakini mukono ya mutoto, weye hautashika."

"Basi nani, Yaya?"

Nilimwambia nani. Alinitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe anaongea. Kisha akainuka, akasema, "Mama yetu angeshangaa," nikamwambia, "Mama yetu hakujengewa ukuta." Akaenda.

Samaki wale nimewatundika juu ya meko. Sijawapika na sijawatupa. Sikwambii umsamehe mjomba wako, kwa sababu siwezi kukutuma dukani kununua kitu ambacho mimi mwenyewe nimekikosa. Kesho akija barabarani, msalimie kama unavyoona. Akikuita mwanangu, jibu ao usijibu. Sitakukonyeza, sitakufinya. Lakini nakuomba jambo moja: usiende nalo lile neno lako, kwamba huna mwenyewe. Alikukana mtu mmoja siku moja mlangoni. Aliyekubonyezea dunia nzima kidole gumba kwenye kona, usimfute kwa sababu ya yule.

Na mimi pia usinifute. Hujui bado ninachokwambia sasa. Nimemwambia Kunda kabla yako. Nami nimesema na mwenye lori. Kesho napanda. Nitakaa juu ya mifuko ya makaa kando yako, nitasema habari za vitunguu njia nzima hadi Lubumbashi, utachoka nami. Nimelitoa lile koti la kazi la baba yako, nitalivaa mimi. Mikono nimeikunja mwenyewe.

Ukisoma hapa mlango utakuwa umeshaupita, nami nitakuwa barabarani narudi. Naandika leo, jua likiwa bado juu ya nyumba ya jirani, ili ujue kwamba niliamua kabla ya kuulizwa. Mwalimu Kasongo atasimama mlangoni kwake, atataka kusema yale maneno yake. Sitangoja ayamalize.

Mwenye mtoto,
Mama yako